Deli la barafu si kiti cha shabiki
Timu ikicheza Jamhuri, Morogoro, mashabiki wa Maili Moja hupakia deli kubwa la maji na barafu nyuma ya pikapu, kisha wengine wanakaa juu yake wakiimba mpaka Chalinze. Raha, lakini hesabu haidanganyi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Deli la lita 100 likijaa linakaribia uzito wa mifuko miwili ya saruji. Dereva akikanyaga breki ghafla, deli lisilofungwa linakuja miguuni kama beki mkorofi. Basi libanwe kwenye kebini, lifungwe mkanda imara, na mashabiki wapande Coaster. Pointi tatu zitatafutwa wiki ijayo. Mguu hauna mechi ya marudiano.