Mashauri ya Nyumbani: Mafuta yenye Manukato na Mikono Inayowasha

Kipupwe kimeingia huku Kalinzi milimani, na asiyeijua milima yetu hudhani ya kuwa Kigoma yote ni joto la ziwani. Asubuhi tuna ukungu na baridi, mchana vumbi la barabara ya Manyovu, na mikono ya watu yapasuka kama tope lililokauka. Ndiyo majira ambayo wachuuzi hupita na chupa za mafuta ya mikono, yenye harufu ya mawaridi, ya limau, ya karafuu, na nyingine zisizo na jina. Mwezi huu nataka kusema habari ya mafuta hayo, kwa maana mwaka jana nusura yavunje amani ya nyumba mbili karibu nami, na mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu katika kosa lile.

Bibi mmoja, mke wa mwalimu, ambaye jina lake nalificha, alipelekewa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam chupa ya mafuta mazuri. Miezi miwili aliyatumia kwa furaha. Mikono yake ililainika, akina mama wenzake wakaisifu, nami nikaisifu. Kisha siku moja vidole vyake vikaanza kuwasha. Yakatokea malengelenge madogo katikati ya vidole na mgongoni mwa mikono, yakapasuka, yakatoa maji, ngozi ikawa ngumu na nyeusi kuliko kwanza. Baadaye kope za macho nazo zikavimba. Alisema, “Labda ni migebuka niliyokula juzi.” Akaacha samaki, lakini mwasho haukuacha. Jirani akamshauri ajisugue kwa limau, akafanya hivyo kisha akaenda shambani. Na maji ya limau au ndimu yakiwa juu ya ngozi, jua likayapiga, huiunguza ngozi na kuacha alama nyeusi. Basi akarudi na maumivu mawili badala ya moja.

Hapo ndipo aliponiita. Nilitazama mikono ile, nikasema kama mtu ajuaye, “Mama, ngozi yako imekauka kwa baridi. Zidisha mafuta.” Naye kwa utii akazidisha, akapaka mara nne kwa siku. Msomaji amekwisha kuona mbele kuliko nilivyoona mimi.

Mumewe alinunua dukani dawa ya kupaka ya kopo dogo, pasipo cheti cha tabibu. Siku tatu mwasho ulitulia, wakashangilia. Alipoacha, ukarudi kwa nguvu. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ni ukoma. Bibi yule akawa haji tena kusalimiana na watu, na akija huficha mikono ndani ya khanga, na salamu zetu sisi, mjuavyo, ni za mikono. Wengine walisema neno baya zaidi: ya kuwa mjane jirani yake, mama mtu mzima, aliyemletea mbegu za maharage wiki ile ile mwasho ulipoanza, ndiye aliyemtia kitu mikononi. Neno hilo likapita kisimani na sokoni, mpaka watoto wakakatazwa kupita uani kwa mjane.

Kwa bahati mwalimu alimpeleka mkewe zahanati kabla wazee hawajaitwa. Tabibu hakuanza na dawa, alianza na maswali. “Mama, mikono hii unaipaka nini?”

“Napaka mafuta tu, baba, ndiyo yanayonisaidia.”

“Tangu lini?”

“Tangu miezi miwili kabla haijaniwasha. Hayawezi kuwa hayo.”

“Hasa ndiyo hayo nitakayoanza nayo,” akasema tabibu.

Akamwambia ayaache kabisa, akampa dawa hafifu ya kutuliza mwasho kwa siku chache, na mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Baada ya wiki tatu mikono ilipona. Ndipo akaambiwa apake yale ya chupa kidogo tu, mahali padogo ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni. Siku ya tatu pale pale pakawasha na kutoa vipele. Shtaka likaisha.

Tulikwenda kwa mjane, mume wa bibi yule na mimi. Alitupa viti, akatuacha tuseme yote tuliyokuja nayo. Kisha akauliza, “Wanangu, maharage yangu mliyapanda au mliyatupa?” Walikuwa wameyatupa.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe, kwa maana ugumu wake wote u katika ile miezi miwili. Ugonjwa huu huitwa mzio wa ngozi, na wengi husema aleji. Katika damu yetu mna askari wanaolinda mwili. Kitu kigeni kikipenya ngozini, askari hao huweza kukidhania kuwa adui, wakajifunza sura yake. Kujifunza huko huchukua siku kumi au wiki mbili angalau, na kwa watu wengine miaka mingi. Wakati huo wote mtu haoni neno. Lakini wakiisha kujifunza, hawasahau. Kila kitu kile kikigusa ngozi, huja kupigana, nao huchelewa kufika, siku moja, mbili, hata tatu. Kwa hiyo mgonjwa hulaumu chakula cha jana au jirani aliyepita asubuhi, hali mwenye kosa ni chupa ya juzi. Tena asiseme mtu, “Mafuta haya nayajua miaka mitano, hayawezi kunidhuru.” Yanaweza sana.

Kinachochukiwa na mwili mara nyingi ni yale manukato yenyewe. Kampuni zaandika neno moja, “Parfum” au “Fragrance”, na chini ya neno hilo huweza kujificha vitu makumi. Vingine ni vya kutengenezwa, vingine hutoka katika mimea tunayoijua: Limonene ya maganda ya malimau na machungwa, Eugenol ya karafuu, Cinnamal ya mdalasini. Kwa hiyo maneno ya “asili” na “mitishamba” juu ya chupa hayamkingi mtu. Na Limonene, pamoja na nyingine iitwayo Linalool, zina tabia ya ajabu: zikikaa na kupigwa na hewa hugeuka, zikawa kali kwa ngozi kuliko zilivyokuwa mpya. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka juzi, ambayo mama huiwekea akiba kwa ajili ya sikukuu, yafaa kutupwa.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2005, sheria iliagiza vitu 26 vya namna hii vitajwe kwa majina juu ya kopo vikizidi kipimo, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria nyingine iliyoongeza hesabu hiyo hata ikapita 80. Mojawapo, Lyral, haiuzwi tena kabisa katika vipodozi vya huko tangu mwaka 2021. Tena yako madawa yanayotiwa ili mafuta yasioze. Moja, jina lake refu Methylisothiazolinone, iliwaumiza watu wengi hata mwaka 2017 ikakatazwa huko katika mafuta ya kupaka na kuacha mwilini. Nayasema haya ili mjue ya kuwa hata mafuta yasiyonukia yaweza kuwa na kitu kibaya kwa mtu fulani, na ya kuwa mafuta yaliyoandikwa hayana harufu pengine yametiwa manukato ya kufunika harufu nyingine. Hapa kwetu kazi ya kukagua vipodozi ilikabidhiwa TBS mwaka 2019. Lakini mkaguzi hawezi kuwa katika kila kikapu cha mchuuzi, na mafuta yaliyomiminwa katika chupa isiyo na maandishi hakuna awezaye kuyasoma. Msinunue hayo, hata yakinukia kama bustani.

Mtajuaje basi ya kuwa ni mzio wala si ugonjwa mwingine? Tazameni mahali. Mzio huanza pale mafuta yalipogusa, nao huenda mikono iendako: kope, shingo, masikio. Mama akipaka mikono na kumshika mtoto, shavu la mtoto nalo huweza kutoka vipele, kama mwili wa mtoto umekwisha kuvikataa vitu hivyo. Huwasha sana. Vitabu vingi vyasema ngozi huwa nyekundu, lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa watu weupe. Kwetu sisi huonekana nyeusi zaidi, au ya zambarau, au ya kijivu, na ikipona huacha alama miezi kadhaa. Alama hizo si ugonjwa, wala msizifute kwa mkorogo.

Upele wa wadudu huwasha zaidi usiku, na kwa kawaida watu wengine wa nyumba nao hujikuna. Choa hufanya duara lenye ukingo. Ukoma una baka lililopoteza hisia: huligusi kwa unyoya likasikia, wala haliwashi; na mwenye baka la namna hiyo aende hospitali pasipo kuona haya, maana dawa zake hutolewa bure na huponya. Mzio hauambukizi kamwe. Salimianeni na mgonjwa wake, kuleni naye.

Kuna tena jambo lililo karibu na mzio lakini silo. Anayeosha kahawa, anayefua kwa sabuni kali, anayetumia jiki, anayeloweka mihogo, huharibu ngozi kwa maji na ukali wa vitu hivyo, na hilo laweza kumpata mtu ye yote akizidisha. Mikono yake hukauka, huchoma, hupasuka. Walakini haya mawili ni ndugu: ngozi iliyopasuka ni boma lililobomoka, na manukato hupenya humo kwa urahisi, askari wakapata nafasi ya kujifunza uadui. Ndiyo maana majira ya kazi nyingi na baridi kali ndiyo majira ya hatari, na ndiyo majira tunayopaka manukato zaidi.

Nyumbani kwangu sasa tumefanya hivi. Mikono ikiisha kuoshwa husuuzwa vizuri na kufutwa mpaka katikati ya vidole, kisha hupakwa mafuta ya mgando matupu ikiwa bado na unyevu kidogo. Ya watoto wachanga tumeacha, maana mengi yao hutiwa harufu. Mafuta mapya hujaribiwa kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, muda wa wiki moja au mbili. Mke wangu alinicheka hapo mwanzo, akasema nimekuwa mnunuzi wa ng'ombe anayetazama meno. Mikono ikiwa na vidonda hatujaribu kitu.

Na habari ya dawa za kopo dogo zinazouzwa kama pipi: nyingi ni kali mno. Hutuliza upesi, kisha ngozi huwa nyembamba, hupasuka mistari, na kama ni choa, choa huenea chini kwa chini. Ziachieni watu waliofunzwa. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, pana chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, kinachowafunza watabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Uso au midomo ikivimba, pumzi ikawa nzito, au vidonda vikitoa usaha na homa, msingoje kesho.

Katika hospitali kubwa huko mijini huweza kufanyika jaribio ambalo mganga Mjerumani, Josef Jadassohn, alilieleza mwaka 1895: vitu vingi, kidogo kidogo, hubandikwa mgongoni siku mbili, kisha ngozi husomwa siku hiyo na tena baada ya siku moja au mbili, waone ni kipi kilichokataliwa. Sisi wa vijijini tunayo njia ndogo zaidi, ya kuchukua kila kitu. Mwendapo zahanati, tieni kikapuni mafuta, sabuni, dawa ya nywele na hata ile chupa mnayoiona haina kosa, pamoja na makaratasi yake, na mwiteni mtoto asomaye vizuri ayasome yale maandishi madogo. Bibi wetu hakuitupa chupa yake. Ameifunga, ameiweka juu ya kabati, na kila akitaka kununua nyingine huinakili ile orodha katika karatasi na kwenda nayo dukani.