Maji Yako Yanatoka Msituni

Mpenzi msomaji wa Nairobi, ufunguapo mfereji asubuhi, je, hujiuliza maji yametoka wapi? Mengi hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, ambalo hujazwa na mito itokayo milima ya Aberdare. Wengi huona mbuga hiyo, iliyotengwa mwaka 1950, kuwa mandhari ya watalii kupiga picha tu. Hayo ni makosa. Msitu ukikatwa, udongo huporomoka mtoni, na kiangazi mito hupungua. Mifereji ikikauka, tunanunua maji ya mikokoteni tusiyojua yalikotekwa, na kipindupindu hubisha hodi. Ua wa umeme uliokamilika mwaka 2009 huwazuia ndovu; hauzuii tamaa yetu ya makaa. Uliza makaa yako yametoka wapi kabla ya kununua. Ukiutetea msitu, umetetea afya ya wanao.