Steringi Hafi, Lakini CD Inakufa

Wanachuo wenzangu, ukitaka kusikia uhakiki wa kweli hapa chuoni, usiende semina. Nenda hosteli saa nne usiku, siku ambayo bando limeisha na hakuna mwenye hamu ya kusoma, usikilize watu wanavyochambua muvi za zamani. Sio zile zilizobeba tuzo. Naongelea zile mbovu, zile ambazo kila mtu aliziona akiwa mdogo na hakuna anayekubali hadharani kwamba alizipenda.

Atatokea mmoja aanze na Commando ya mwaka 1985. Arnold Schwarzenegger anaisimamisha Porsche ya njano iliyolala ubavu, bodi limeharibika vibaya, halafu anaondoka nayo ikiwa haina hata mkwaruzo. Mwisho wa picha anavamia kambi nzima peke yake, risasi zinamiminika kama mvua, na walengaji wote wamesahau kulenga. Ukiuliza inawezekanaje, jibu la mtaani unalijua: steringi hafi.

Kutoka hapo mazungumzo yanarudi nyumbani, kwenye Bongo muvi za miaka ya 2000. Hapo ndipo kicheko kinapokolea. Mgonjwa mahututi yuko kitandani na kope za bandia. Binti wa kijijini anachota maji akiwa na kucha zilizopakwa rangi asubuhi hiyo. Mtu anaongea na simu bila kumpa wa upande wa pili hata nafasi ya kusema haloo. Gari linafika getini, geti linafunguliwa, gari linaingia, linapaki, dereva anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, yote hayo bila kukatwa. Waigizaji wanaongea Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, ila jina la picha ni la Kiingereza. Na patamu panapofika, yanatokea maandishi: usikose sehemu ya pili.

Kuna wanaosema tunapoteza muda, kwamba hizo ni takataka na aibu ya taifa, bora zisahaulike. Nakataa, na nina sababu.

Kwanza, ule ubovu una historia yake. Picha nyingi zilipigwa kwa siku chache, kwenye nyumba ya kuazima, sauti ikinaswa na kipaza kilekile cha kamera. Ndiyo maana jogoo wa jirani anasikika kuliko mhusika mkuu. Sehemu ya kwanza na ya pili hazikutokana na utamu wa kisa. Pesa ilikuwa kwenye kuuza diski, na diski mbili zinaingiza kuliko moja. Lile gari linalopaki kwa dakika nzima lilikuwa linajaza diski ya pili. Mtu akishaelewa hivyo, anaanza kuona jinsi watu wasio na mtaji walivyojenga soko kwa walichokuwa nacho. Na soko lilikuwepo kweli. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, maelfu walijaa viwanja vya Leaders pale Kinondoni kumuaga. Watu hawafanyi hivyo kwa ajili ya takataka.

Pili, kucheka sio kudharau. Kumcheka mtu na kucheka naye ni mambo mawili tofauti. Marekani kuna picha inaitwa The Room, ya Tommy Wiseau, ya mwaka 2003. Wengi huitaja kati ya picha mbovu kuliko zote, lakini kwa miaka mingi watu wamekuwa wakilipa kiingilio kuitazama usiku na kurusha vijiko vya plastiki kila picha ya kijiko iliyotundikwa sebuleni inapoonekana. Sisi hatukuhitaji kufundishwa hayo. Kwenye vibanda umiza tulikuwa na wafasiri kama Lufufu, aliyezisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, akaongeza mbwembwe zake na kuwazodoa wahusika njiani. Uganda, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? pale Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, kwa bajeti ndogo sana, huku VJ Emmie akishangilia na kutania juu ya picha yenyewe. Yaani kwetu kuongea wakati picha inaendelea ni sehemu ya picha.

Tatu, na hili linanigusa kwa sababu nasomea ualimu: pale hosteli watu wanafanya kazi ambayo darasani inatushinda. Anayeuliza "mgonjwa gani huyu ana kope za bandia?" anauliza swali la uhalisia. Anayelalamika kwamba adui alitubu ghafla dakika ya mwisho anahakiki ujenzi wa mhusika. Anayegundua kwamba mwanamke mwenye pesa karibu kila mara anaishia kufilisika, kuugua au kujuta, amegusa itikadi ya kazi nzima. Mtu huyohuyo muulize kesho kwenye semina habari za uhalisia katika tamthiliya, atainamisha kichwa na kutafuta maneno ya mtu mwingine ya kunukuu. Uwezo anao. Tofauti ni kwamba hosteli hakuna maksi, na hakuna anayeogopa kukosea mbele ya kazi ambayo yenyewe imejaa makosa. Kazi iliyokamilika inatutisha, ila mbovu inatukaribisha tushike rula. Mwalimu mwenye akili angeanzia hapo, halafu ndio awapeleke wanafunzi kwenye vitabu vikubwa.

Sasa tatizo ni hili. Tunazichambua kwa kumbukumbu tu, kwa sababu picha zenyewe zinapotea. CD zimechanika. Deki zimekufa au zimeuzwa. Laptop nyingi za siku hizi hazina hata pa kuingizia diski. Yale maduka ya kukodisha kanda yamegeuka kuwa ya vocha na chipsi. Ukitafuta mtandaoni unapata sehemu ya pili bila ya kwanza, au kipande cha dakika tatu kilichowekwa ili watu wacheke. Hata Captain Alex, pamoja na umaarufu wake wote duniani, nakala yake ya asili haipo tena. Kompyuta ilihitaji nafasi ya picha iliyofuata, kilichobaki ni toleo la DVD. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka picha ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa, lakini kukaguliwa sio kuhifadhiwa.

Atakayetaka kujua miaka ishirini ijayo vijana wa Dar walivaaje mwaka 2005, Sinza ilifananaje, watu walitongozanaje na waliogopa nini, atakuta tamko rasmi na picha za uzinduzi. Bongo muvi ilirekodi sebule, vitenge, simu za kubonyeza, lahaja za mtaani na barabara kabla ya mwendokasi. Ilifanya hivyo bila kukusudia, ndiyo maana naiamini.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, ukienda likizo, fungua kabati la TV nyumbani. Usimruhusu mama atupe lile boksi la CD. Andika jina la picha, mwaka, waigizaji na mwongozaji, kisha ulete orodha. Pili, serikali ya wanafunzi itenge usiku mmoja kila mwezi tutazame picha moja pamoja na kuichambua, kwa idhini ya mwenye haki. Hakimiliki ni jambo la kweli. Hawa watu waliibiwa vya kutosha na wanaodurufu CD mitaani, tusiwe wezi wapya kwa jina la elimu. Wengi wa waongozaji na waigizaji wale wapo, na wanaweza kualikwa. Wenzetu wa sheria wasimamie maombi ya idhini, wa kompyuta wahamishe picha kutoka kwenye diski, sisi wa elimu tutaongoza mjadala.

Na tutacheka, hilo halina mjadala. Ila tukiendelea kucheka kwa kumbukumbu peke yake, watakaokuja kuishi vyumba hivi baada yetu watasikia vichekesho bila kuona picha, na mwisho hata vichekesho vitakosa wa kuvielewa.