Apt Huuliza Kwanza, Snap Nayo Iulize

Aprili 2020, kampuni ya Canonical ilitoa toleo la 20.04 la mfumo wake wa Ubuntu. Ukiandika amri ya apt kuomba kivinjari cha Chromium, hukupewa tena kifurushi cha deb kilichozoeleka. Kilichoshuka ni kifurushi kitupu, kazi yake kwenda kuivuta Chromium kwa njia nyingine, yaani Snap. Katika toleo la 22.04, zamu ikawa ya Firefox, kwa makubaliano na Mozilla.

Sababu zipo, na ni nzito. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, hutumia ghala ambamo programu nyingi hushiriki maktaba zile zile. Maktaba ikizibwa tundu la usalama mara moja, zote hunufaika. Tatizo humwangukia mtunzi wa programu: ili kazi yake ifike mifumo ya Linux kama Debian, Fedora na Arch, lazima kila upande ufungashe upya. Linus Torvalds mwenyewe alililalamikia hilo mwaka 2014, kwenye mkutano wa Debian mjini Portland. Programu yake ya wapiga mbizi, Subsurface, iliandaliwa kwa ajili ya Windows na Mac bila shida kubwa. Kwenye Linux, mfumo alioubuni yeye, ndipo kulipokuwa na kero. Snap na Flatpak zilikuja kuiondoa: programu hubeba maktaba zake na hutengwa na nyingine.

Hoja hiyo naikubali. Kinachonikera ni mtumiaji kutoombwa ridhaa.

Apt ina adabu ambayo wengi wetu tumeizoea hata hatuioni. Kabla ya kupakua mzigo wenye vitegemezi vingine, hutaja kila kitakachoingia, hueleza ni megabaiti ngapi, kisha husubiri jibu lako. Kifurushi kitupu cha Firefox kinaivunja adabu hiyo, kwa sababu apt huonyesha kilobaiti chache tu, halafu Snap huanza kuvuta kivinjari chenyewe pamoja na maktaba za GNOME ambazo peke yake hufika mamia ya MB. Kwa mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu anayeunganisha kompyuta kwa bando la simu, hiyo ni pesa ya mfukoni iliyotumika bila idhini yake. Baada ya hapo Snap hukagua masasisho mara nne kwa siku. Upo mpangilio wa kuizuia isipakue kwenye intaneti ya kulipia kwa kipimo, lakini haujawashwa, na asiyeujua atajuaje kuutafuta? Uwezo wa kuahirisha masasisho bila kikomo ulikuja mwishoni mwa 2022.

Tena ghala la Snap linaendeshwa na Canonical peke yake, na msimbo wa seva yake haujawekwa wazi. Flatpak inamruhusu yeyote kufungua ghala lake. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mfumo unaojiita huria, na Linux Mint waliiona mapema: toleo lao la 20, la mwaka huo huo wa 2020, linaizuia apt isiingize Snap mpaka mwenye kompyuta aruhusu.

Canonical hawahitaji kuitupa Snap. Apt inapotaka kumkabidhi mtumiaji kwa Snap, isimame, itaje ukubwa halisi wa mzigo, na isubiri jibu. Akikataa, apewe deb.