Ndege wa Kikombeni na Daftari la Wafanyakazi



Katika kisiwa cha Morisi, ndani ya Bahari ya Hindi, wageni huuziwa vikombe vya kauri vyenye picha ya ndege mnene, mwenye mdomo mkubwa uliopinda na mabawa madogo yasiyoweza kumrusha. Jina lake ni dodo. Yumo hata katika nembo ya taifa lile. Lakini hakuna mtu aliye hai leo aliyepata kumwona. Ndege huyo amekwisha.

Tunaileta habari hii kwa wenzetu wa Oli, Arua na Koboko kwa sababu ina mafundisho kwetu sisi wa viwandani na mashambani.

Waholanzi walishuka kisiwani mwaka 1598. Dodo hakuwa na adui, na alitaga yai lake chini. Meli zikaleta nguruwe, panya na kima, wakala mayai. Msitu wa mpingo ukakatwa, na katika kazi hiyo walitumikishwa watumwa waliotolewa Madagaska. Wataalamu wengi wanakubali kwamba dodo alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1662. Hiyo ni miaka 64 tu! Hakuna aliyewahesabu walipokuwa hai, wala aliyeandika siku aliyokufa wa mwisho. Hata mmoja hakuhifadhiwa mzima.

Mwaka 1865 mwalimu mmoja, George Clark, alitafuta mifupa yao katika kinamasi kiitwacho Mare aux Songes. Aliwaingiza vibarua majini, nao wakapapasa matope kwa nyayo tupu mpaka wakaigusa mifupa. Mifupa ikapelekwa London, wakubwa wa elimu wakaiandikia vitabu. Jina la Clark lipo mpaka leo. Vibarua wale wanatajwa kwa miguu yao tu. Majina yao hayakuandikwa.

Tusidhani hayo ni mambo ya mbali. Hapa kwetu West Nile walikuwako faru weupe wa kaskazini, na hifadhi ya Ajai ilijulikana kwa ajili yao. Ujangili na vita vikawamaliza; kufikia katikati ya miaka ya 1980 porini Uganda hakukubaki faru hata mmoja. Dume wa mwisho wa aina hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018, wakabaki majike wawili, Najin na Fatu. Siku ile dunia nzima ilisikitika. Masikitiko hayo yangefaa zaidi wakati faru walipokuwa wengi.

Sasa tujitazame sisi. Hata kikombe chenyewe kina jasho la mtu. Vumbi la udongo wa kauri lina silika. Likivutwa miaka mingi linaharibu mapafu, na mapafu hayo hayarudi tena. Anayechuma tumbaku yenye umande huingiwa na nikotini kupitia ngozi, akapata kizunguzungu na kutapika, kisha akaambiwa ana malaria tu. Mwenzetu akidhoofika anarudi kijijini kimya kimya. Akifa, tunachanga pesa za matanga, tunatoa hotuba nzuri. Lakini aliugua lini? Alifanya kazi idara gani? Wangapi waliugua kabla yake mahali pale pale? Hakuna anayejua.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kumkinga mfanyakazi. Sheria ya fidia nayo inataka ajali itolewe taarifa mapema. Lakini sheria haimsaidii mtu asiye na ushahidi, na ushahidi wa mnyonge ni maandishi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kila tawi la chama liwe na daftari lake. Liandikwe jina la mfanyakazi, kazi anayofanya, tarehe aliyoumia au kuanza kukohoa, aliyeshuhudia, na siku msimamizi alipoarifiwa. Vibarua wa msimu waandikwe pia, maana hao ndio wanaopotea upesi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake, kisha asomewe.

Wako watakaosema hiyo ni kazi ya ofisi ya mwajiri. Ni kweli, ofisi inatakiwa kuandika, na tuidai iandike. Lakini kitabu cha mwajiri kinakaa kabatini mwa mwajiri. Siku ya madai, anayekwenda mikono mitupu hurudi mikono mitupu.

Daftari moja na kalamu havimshindi mtu yeyote katika tawi. Mkutano ujao mchagueni mwandishi, na ukurasa wa kwanza ujazwe siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.