Ziwa Nalo Lina Kiswahili Chake

Mwishoni mwa Agosti mwaka jana, tulisafiri kwa gari kutoka Kisumu, tukapitia Ahero na Kendu Bay hadi Homa Bay na Mbita. Mandhari ya Ziwa Victoria yalitupendeza, ila lugha ndiyo iliyonishtua. Sokoni Mbita, mimi msomi wa Kiswahili niliuliza bei ya dagaa. Mama muuzaji akacheka: "Hiyo ni omena, mwanangu." Ng'ambo ya pili, Mwanza, samaki huyo huyo ni dagaa, mbuta wetu huko ni sangara, na ngege ni sato.

Tangu Kiunguja kiteuliwe mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tumezoea kuitafuta lugha pwani. Twaijua tezi na omo ya jahazi tusilowahi kulipanda, ilhali mtumbwi wa mvuvi wa Mbita hatuujui. Wapo watakaodai kuwa omena ni neno la Kijaluo. Naam, na kitabu je, si la Kiarabu? Chama chetu na kipange safari ya ziwani, tukiwa na kalamu mkononi, tuyakusanye maneno haya kabla hayajatupotea.