«Inakuuma wapi?» ni swali lisilotosha

Mwezi wa 10 mwaka jana kitivo chetu kilivaa rangi ya waridi kama vitivo vingine. Tulibandika utepe kifuani, tukapiga picha mbele ya maktaba, na mwalimu mmoja wa tiba akatuhutubia kwa Kifaransa kizuri juu ya kansa ya matiti. Nilipiga makofi. Wakati huohuo nyumbani, mama yangu mdogo alikuwa na uvimbe katika ziwa la kushoto, na sikujua.

Mama mdogo anauza unga katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Uvimbe aliugundua akioga. Baadaye malaria ilimpeleka kituo cha afya, na muuguzi akamuuliza swali tunaloulizwa sote: «Inakuuma wapi?» Akaonyesha kichwa na magoti. Ziwa hakulitaja kwa sababu halikumuuma. Hakuficha kitu. Alijibu swali aliloulizwa.

Sisi wanafunzi wa lugha tungepaswa kusimama hapo kidogo. Kiswahili kimefunga ugonjwa na maumivu katika kitenzi kimoja: anayeumwa ndiye mgonjwa, na mgonjwa huulizwa panapouma. Lakini kansa ya matiti, mwanzoni, mara nyingi haiumi. Mtu anaweza kuwa na uvimbe mgumu, ngozi iliyojikunja, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa majimaji yenye damu, akasema kwa ukweli kabisa kwamba haumwi. Siku hizi nikifika nyumbani nawauliza akina mama: «Kuna kitu kimebadilika mwilini?» Wanacheka kwanza, kisha wanafikiri.

Sitamlaumu muuguzi, maana kosa kubwa ni langu. Nilipomsindikiza hospitalini, daktari alisema kwa Kifaransa kwamba inahitajika biopsi. Mama mdogo akanigeukia. Mimi ndiye msomi wa familia. Nikatafsiri haraka: «Watakukata kipande cha ziwa.» Akanyamaza, akafunga kitenge chake vizuri, tukarudi nyumbani. Alikataa kurudi kwa miezi 3. Ningemwambia kwamba watamchoma sindano inayochota kipande kidogo sana, wakakiangalie kwa darubini, huenda angebaki. Katika miezi hiyo wengine walimletea maneno yao: ulozi, mume wa usiku, laana ya ukoo. Jirani mmoja aliacha hata kunywa kwa kikombe cha nyumbani kwetu, kana kwamba kansa inaambukiza.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na kansa hii na watu 670,000 walikufa nayo. Linataka pia kwamba tangu mgonjwa afike hospitalini hadi ugonjwa uthibitishwe zisipite siku 60. Mimi, kwa sentensi moja, nilimpotezea siku 90.

Najua walimu wetu wanapenda mjadala wa istilahi. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa wa majini, na neno la Kilatini lililozaa kansa lina maana hiyohiyo. Somo zuri, nililipenda. Lakini mama mdogo aliposikia «saratani» redioni aliniuliza kama huo ni ugonjwa mwingine, mbaya kuliko kansere yake. Kwa hiyo naomba hivi: mwezi wa 10 unaokuja, kabla ya kununua utepe, wanafunzi wa tafsiri waketi na wenzao wa tiba waandike ukurasa mmoja tu, wenye dalili na maneno ya daktari kwa Kiswahili cha hapa mjini. Kisha wausome sokoni kwanza, mbele ya akina mama, na pale watakapokunja uso wafute waandike upya. Atakayesema kwamba hiyo si kazi ya kitivo cha lugha, aje akae nami kwenye benchi la hospitali asubuhi moja tu.

Wenzake sokoni hawakungoja ukurasa wa mtu. Wale wa likelemba walimpa zamu kabla ya wakati wake, bila kumhoji, na siku za matibabu mmoja wao anamuuzia unga. Mimi nina daftari. Upande wa kushoto naandika Kifaransa cha daktari, upande wa kulia Kiswahili chetu, na tukiwa njiani kurudi namsomea, naye ananisahihisha. Kemoterapia ameifuta, ameandika «serumu nyekundu», kwa sababu ndivyo anavyoiona ikishuka kwenye mpira. Sasa wagonjwa wenzake nao wanaiita hivyo.

Jumatano tunarudi kwa serumu ya 4. Safari hii swali la kumuuliza daktari ameliandika mwenyewe kwa penseli, upande wa kulia: kucha zake haziumi, lakini zimebadilika rangi.